Lori la jeshi mikononi mwa raia: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Majibu haya yanahusu zaidi malori ya jeshi la Marekani, kwa sababu ndiyo niliyoyafungua kwa mikono yangu. Ya Ulaya nimeyagusa pale inapobidi.

Kama lori bado linatembea, kwa nini jeshi linaliuza?

Mara nyingi halina ugonjwa wa kutisha. Jeshi limepata modeli mpya, au limeamua kutoendelea kuhifadhi spea za ile ya zamani. Ndiyo maana utakuta lori la miaka 30 lenye maili 12,000 tu kwenye dashibodi, ukajiona umeokota dodo chini ya mwarobaini.

Tulia kwanza. Malori haya hayachoshwi na kutembea, yanachoshwa na kukaa. Limeegeshwa miaka uwanjani, juani na mvuani: mipira imekauka, maji yameingia kwenye oili ya difu, silinda za breki zimekula kutu kwa ndani, dizeli imegeuka ute chini ya tenki. Karibu kila kasoro nitakayoitaja huko mbele inatokana na kukaa huko. Kuku mgeni hakosi kamba mguuni, na kamba ya huyu ni kutu.

Lori gani linafaa kwa mtu anayeanza?

M35A2, bila kusita, kama unataka kujifunza. Ukoo wa M35 ulibuniwa na kampuni ya REO mwaka 1950 na umedumu jeshini kwa miongo mingi. Wamarekani huliita la tani mbili na nusu, lakini huo ni mzigo wa porini. Barabarani linabeba mara mbili ya hapo. Tupu lina uzito wa karibu tani 6, magurudumu yote sita yanavuta, gia ni tano za mkono, na injini yake ya silinda sita ina ujazo wa lita 7.8. Hakuna kompyuta hata moja. Ukiwa na spana, jeki nzuri na subira, utalifungua lote. Ubaya wake: usukani hauna msaada wowote, kwa hiyo kugeuza lori lililosimama ni mazoezi ya viungo, na mwendo wake wa juu ni kilomita 90 kwa saa, tena kwa kelele za kukuondolea hamu ya mazungumzo.

Ukitaka nguvu zaidi kuna M939, ukoo wa tani tano ulioanza miaka ya 1980. M923 ndiyo utakayokutana nayo sana. Ina injini ya Cummins ya lita 14, giaboksi ya Allison inayojibadilisha yenyewe, usukani mwepesi na breki za upepo mtupu. Lakini ni karibu tani 10 likiwa tupu. Pia likumbuke jambo hili: jeshi lenyewe liliwahi kuyawekea malori haya kikomo cha maili 40 kwa saa, yaani kama kilomita 64, kwa sababu ya ajali za kupinduka na kuteleza, hadi yafungwe ABS, mfumo unaozuia tairi zisijifunge ukikanyaga breki kwa nguvu. Kama unalolitazama halina ABS, endesha kama ulivyoambiwa.

Kisha kuna FMTV, yaani M1078 ya magurudumu manne na M1083 ya magurudumu sita. Ilitokana na lori la Steyr la Austria, na Stewart & Stevenson ya Texas ilipewa mkataba wa kuitengeneza mwaka 1991. Injini ni Caterpillar, kebini inainuliwa mbele, upepo wa tairi unarekebishwa ukiwa kwenye kiti. Ni gari la kisasa kuliendesha, na bili zake pia ni za kisasa. Kifaa kidogo cha umeme kikigoma, lori zima linagoma.

HEMTT ya magurudumu manane achana nayo, isipokuwa una shamba kubwa na huna mwenza wa kukuuliza maswali.

Na ya Ulaya?

Unimog, MAN KAT1, Bedford, DAF, Tatra: yote ni mazuri, na mengine ni bora kuliko ya Marekani porini. Tatra ina bomba moja nene katikati badala ya chesisi ya ngazi, na kila gurudumu linapanda na kushuka peke yake. Ukiliona linavuka mawe utadhani lina magoti. Ujerumani huuza mali za serikali kupitia VEBEG kwa zabuni. Swali la kujiuliza si ubora, ni spea: ziko umbali gani kutoka ulipo?

Yananunuliwa wapi?

Marekani, mali za jeshi zilizozidi husimamiwa na DLA Disposition Services, na magari yamekuwa yakinadiwa mtandaoni kupitia GovPlanet. Njia ya pili ni wafanyabiashara wanaonunua kwa wingi, wanatengeneza kidogo, wanapiga rangi na kuuza tena. Ya tatu, ninayoipenda mimi, ni mtu binafsi aliyelihangaikia kwa miaka na sasa kachoka. Huyu ameshabadilisha breki, ana hati kwa jina lake, na atakuonyesha kila kovu la lori. Utamlipa zaidi ya bei ya mnada, nawe utakuwa umeokoa.

Mnada una mtego mmoja: bei unayoiona ikipanda si bei utakayolipa. Ongeza ada ya mnunuzi, kodi, usafiri, na gharama ya kuhifadhi ukichelewa kulichukua. Malori mengi hutolewa betri kabla ya kuuzwa, kwa hiyo ongeza na hizo mbili.

Hati gani ni lazima niwe nayo?

Kwa lori lililotoka moja kwa moja kwenye jeshi la Marekani, hati mama ni SF 97. Hiyo si kadi ya gari. Ni cheti cha serikali kinachokuwezesha kuomba kadi kwenye jimbo lako. Haiji siku unayolipa. Husubiriwa, wakati mwingine kwa wiki nyingi, na ukiipoteza umejitafutia safari ndefu.

Soma tangazo la mnada neno kwa neno. Kama linasema gari linauzwa kwa risiti ya mauzo tu, au kwa matumizi ya nje ya barabara tu, amini hivyo. Humvee nyingi, yale magari mapana ya jeshi ya magurudumu manne, ziliuzwa kwa sharti hilo la nje ya barabara, na waliodhani watalimaliza suala hilo baadaye kwenye dirisha la ofisi ya usajili wengi walirudi na gari la kuzungukia shamba. Ukinunua kwa mtu binafsi, kadi iwe kwa jina la huyo anayekuuzia. Mlolongo wa SF 97 iliyopita mikononi mwa watu watatu bila hata mmoja kuisajili ni mbuzi kwenye gunia.

Kisha linganisha namba. Namba ya lori iko kwenye kibati ndani ya kebini, na mara nyingi imegongwa pia kwenye chesisi. Namba kubwa iliyochorwa kwenye boneti ni ya usajili wa jeshi, si ya chesisi. Karani akijaza ile ya boneti kwenye fomu, na imetokea, utakuwa na kadi ya gari lisilokuwepo. Utakuta pia kibati cha pili kinachoonyesha lori lilifanyiwa ukarabati mkubwa karakana ya jeshi. Kinapendeza kwa historia, ila mwaka wa gari ni ule wa kibati cha kwanza.

Ofisi ya usajili imelikataa. Nifanyeje?

Uliza kwanza wamekataa kwa sababu gani, na waandike.

Sababu ya kawaida ni namba fupi. Marekani ilianza kutumia namba za chesisi zenye tarakimu 17 kuanzia modeli za 1981, na kompyuta nyingi hugoma kupokea pungufu. Malori ya jeshi yana namba zao fupi hata yale ya baada ya hapo. Hilo huisha kwa ukaguzi wa macho: mkaguzi anakuja, anasoma kibati, anaandika.

Sababu nzito zaidi ni kwamba lori halikuwahi kuthibitishwa kwa viwango vya usalama vya magari ya raia. Ni kweli, halikuwahi. Kanuni za shirikisho, 49 CFR 571.7, zinayasamehe magari yaliyotengenezwa kwa mkataba na kuuzwa moja kwa moja kwa majeshi. Majimbo mengine husoma msamaha huo wakaona hakuna tatizo. Mengine husema msamaha ni wa jeshi, si wako. Hapo ndipo umri unapokusaidia. Lori lenye miaka 25 na zaidi mara nyingi linaweza kusajiliwa kama gari la kihistoria, lakini namba hizo huja na masharti: maonyesho, maandamano, matengenezo, si kubeba kokoto kila siku.

Nenda dirishani na picha za kibati, SF 97 yenyewe, na kanuni ikiwa imechapwa. Usiende na neno "tangi" wala "la kivita" mdomoni. Ni lori la mizigo la magurudumu sita, basi. Mimi karani wa kwanza alinikatalia kwa sababu aliona neno "jeshi". Wa pili, dirisha la jirani, wiki iliyofuata, aliniuliza tu linatumia mafuta gani.

Nahitaji leseni ya lori kubwa?

Marekani, mpaka wa leseni ya kibiashara ni uzito wa juu wa pauni 26,001, karibu kilo 11,800. M35A2 iko chini ya hapo. Malori ya tani tano yanapita. Sheria hiyo inamlenga anayefanya biashara, na kwa matumizi binafsi kila jimbo lina utaratibu wake, baadhi wakitaka daraja maalumu la leseni ya kawaida. Ulaya ni rahisi kueleza: leseni ya C1 inaishia tani 7.5 za uzito wa juu unaoruhusiwa, juu yake ni C. Hata pale sheria isipokulazimisha, kaa na dereva wa lori siku mbili akufundishe breki za upepo.

Bima?

Pata ahadi ya bima kwa maandishi kabla hujaweka dau. Kampuni nyingi husikia "jeshi" zikakata simu. Za magari ya kale ndizo zinazoelewa.

Nikienda kulikagua, nianzie wapi?

Chini. Watu huanza na injini kwa sababu ndiyo inayonguruma.

Lala chini na tochi. Tazama chesisi pale springi za nyuma zilipofungwa, na pale tabaka mbili za chuma zinapokutana. Kutu ikishaota katikati huzisukuma zikaachana. Fungua nati ya ukaguzi wa kila difu na chovya kidole. Oili nyeupe kama maziwa ina maji. Shika tairi juu na chini, tikisa, usikie beringi. Kagua kuta za tairi: kwa tairi za kuanzia mwaka 2000, tarakimu nne za mwisho za alama ya DOT ni wiki na mwaka wa kutengenezwa, na tairi lenye kashata nzuri laweza kuwa na umri wa dereva wake.

Ndipo injini. Iguse kabla haijawashwa; kama ni ya moto, mwenye nayo alikutangulia kwa sababu zake. Toa kijiti cha oili, harufu ya dizeli ni alama mbaya. Moshi mweupe kidogo asubuhi kwenye injini ya M35A2 usikutishe. Moshi unaoendelea baada ya dakika kumi ukutishe.

Tazama pia waya. Jeshi hufunga waya kwa mpangilio, kila mmoja una kibati chenye namba. Ukikuta waya mwekundu usio na namba umezungushiwa utepe mweusi, raia amepita hapo.

Breki za M35A2 ni salama?

Zikiwa nzima, ndiyo. Zikiwa na kasoro hazikupi onyo.

Mfumo wake ni maji yanayosukumwa na upepo: unakanyaga, master silinda inasukuma maji, kifaa cha upepo kinaongeza nguvu. Tatizo ni kwamba mzunguko wa maji ni mmoja kwa magurudumu yote sita. Paipu moja ikipasuka, au silinda moja ya gurudumu ikivuja vya kutosha, pedali inazama hadi sakafuni na magurudumu yote sita yanakosa breki kwa pamoja. Breki ya mkono haishiki magurudumu, inashika propela shafti nyuma ya kigawa nguvu, na imetengenezwa kwa kushikilia lori lililosimama.

Hili lilinipata mteremkoni, mwendo wa taratibu, namshukuru Mungu. Lori nilikuwa nimelinunua kwa mfanyabiashara aliyeniapia kwamba breki "zimeshafanywa". Zilikuwa zimepakwa rangi. Niliteremsha gia hadi ya pili na kuliegemeza kwenye ukingo wa udongo.

Kwa hiyo, kabla ya safari ya kwanza: badilisha mipira yote laini ya breki, silinda zote za magurudumu, na master silinda. Zote, si ile inayovuja. Kisha fikiria kugawa mfumo kuwa mizunguko miwili, mbele na nyuma. Kama ungekuwa na uwezo wa badiliko moja tu kwenye M35A2, liwe hilo.

Angalizo la maji yenyewe. Tangu miaka ya 1980 jeshi la Marekani linatumia maji ya breki ya silikoni, DOT 5, ambayo hayanyonyi unyevu. Hayachanganywi na DOT 3 wala DOT 4. Mwenye lori aliyetangulia akiwa ameongeza chochote alichokikuta dukani, mwaga yote, safisha paipu, anza upya. DOT 5.1 nayo si DOT 5, licha ya jina.

M939 na FMTV ni za upepo mtupu, na zina springi zinazofunga breki upepo ukiisha. Ukivuta lori la aina hiyo bila upepo, lazima springi zibanwe kwa boliti zake maalumu ili ziachie breki, la sivyo utaburuta tairi.

Ni kweli injini ya M35A2 inakunywa mafuta yoyote?

Karibu. Ilijengwa juu ya ubunifu wa MAN wa Ujerumani ili iweze kutumia dizeli, mafuta ya ndege, na hata petroli kwa kuchanganya. Wapo wanaoiendesha kwa oili chakavu. Inawezekana, lakini pampu ya nozeli ndiyo sehemu ghali kuliko zote kwenye injini hiyo, na uchafu mdogo usiouona kwa macho unaiua. Mpe dizeli. Na usizidishe mizunguko 2,600 kwa dakika, hasa ukiteremka mlima kwa gia ndogo. Injini hizi huvunja koni rodi kwa kosa hilo.

Kuizima unavuta kebo. Kuzima swichi peke yake hakusaidii, itaendelea kunguruma huku wewe ukilaumu waya.

Nifungeje redio au chaja ya simu kwenye volti 24?

Kwa kifaa cha kushusha volti 24 hadi 12. Betri ni mbili za volti 12 zilizounganishwa kwa mfululizo, na kila mtu hupata wazo lilelile la kuchukua umeme kwenye moja. Ile inayonyonywa itakuwa na njaa daima, nyenzake itachemka kwa kuzidishiwa chaji, na zote mbili zitakufa.

Taa zikikataa kuwaka, kabla hujafungua chochote: swichi ya taa ina vijiti vitatu, na kimoja ni cha kufungulia kufuli. Imebuniwa hivyo ili askari asiwashe taa kwa bahati mbaya gizani.

Tairi kubwa zaidi?

M35A2 hutoka na tairi kumi za 9.00-20. Wengi huziondoa, pamoja na zile pacha za nyuma, wanaweka sita za 395/85R20. Kipenyo kinapanda kutoka kama mita 1.03 hadi 1.18, kwa hiyo kwa mizunguko ileile ya injini unapata mwendo zaidi kwa karibu asilimia 15. Utalipia kwa nguvu ya kupanda mlima, kwa breki, na kwa mikono yako kwenye usukani. Spidomita nayo itakudanganya kwa kiasi hichohicho.

Rimu za zamani zina pete ya chuma inayoshikilia tairi. Pete hiyo ikiruka wakati wa kujaza upepo, inaua. Haijazwi bila kizimba cha chuma, na haijazwi na mtu aliyeinama juu yake. Rimu za vipande viwili vilivyofungwa kwa nati, toa upepo wote kwanza, chomoa hata kiini cha valvu, ndipo uguse nati.

Nataka kukata ekseli moja ya nyuma liwe fupi. Ushauri?

Linapendeza, linageuka vizuri, linaingia mahali pengi. Pia limepoteza uwezo mkubwa wa kubeba na theluthi moja ya breki zake. Usichomelee chesisi karibu na springi bila fundi anayejua chuma cha malori, na kabla ya kukata uliza ofisi ya usajili kama itahitaji ukaguzi mpya. Kwenye nchi nyingi za Ulaya jibu ni ndiyo, na mhandisi lazima asaini.

Na kujenga nyumba ya safari juu yake?

M1078 inapendwa kwa kazi hiyo. Kosa kubwa ni kufunga boksi moja kwa moja kwenye chesisi kwa boliti. Chesisi ya lori la porini imetengenezwa ijipinde; boksi halijipindi. Kimojawapo kitapasuka, na kwa kawaida huanza boksi, kwenye kona za mlango. Tumia fremu ya kati yenye viungo vitatu au vinne vinavyozunguka, au vishikio vya springi vinavyoruhusu chesisi icheze chini yake. Kabla ya kununua hata ubao mmoja, lipime lori kwenye mizani, ekseli kwa ekseli.

Naweza kupiga msasa rangi ya zamani?

Siyo kwa mashine na barakoa ya kitambaa. Malori yaliyotumika kuanzia miaka ya 1980 yamepakwa CARC, rangi iliyoundwa kustahimili kemikali za vita, na vumbi lake ni sumu kwa mapafu. Rangi ya chini ya zamani huweza kuwa na risasi na kromiamu. Piga msasa wa maji, vaa kipumulio cha vichujio. Kupuliza CARC mpya kunahitaji hewa ya bomba kutoka nje ya chumba, kwa hiyo pakaa rangi ya kawaida isiyong'aa. Alama za jeshi ziondoe. Nchi nyingine zinakataza hata mabaka yenyewe kwenye gari la raia.

Ufunguo uko wapi?

Hakuna. Nunua mnyororo na kufuli.

Vitabu vya ufundi?

Ni vya serikali ya Marekani na vinapatikana bure. Kwa M35A2 tafuta TM 9-2320-361, kwa M939 ni TM 9-2320-272. Kinachoishia na 10 ni cha dereva, 20 ni cha fundi. Anza na cha dereva, hata kama wewe ni fundi: kina picha ya kila mahali pa kupaka grisi, na kwenye lori lililokaa uwanjani miaka sita, hapo ndipo Jumamosi zako nne za kwanza zitaishia.